Jinsi ya kuandika hoja zako kwa kingereza kilichonyooka, hatua kwa hatua

Kuna watu ukikaa nao kijiweni wanajenga hoja mpaka unanyamaza, ila mpe karatasi mwambie aiandike hiyohiyo hoja kwa kingereza, utapata sentensi ya mistari sita haina nukta, because ziko tatu humohumo na mpaka mwisho hujui alikuwa anakubali au anakataa. Na siyo kwamba hajui kingereza, maneno anayo na tensi kasoma tangu sekondari. Shida ni kwamba tulifundishwa grama kivyake na kujenga hoja kivyake, wakati kwenye kingereza cha kuandika lile neno linalobeba hoja yako, hizi because, although, therefore, if, ndilo linaloamua sentensi nzima ikaeje. Ukilikosea hilo umeharibu grama na hoja kwa mpigo.

Kwa hiyo huu mwongozo siyo wa mwenye kingereza cha kuombea maji, huyo aanzie chini kwanza. Ni wa yule anayesoma gazeti la kingereza akaelewa, lakini ana esei ya chuo, ripoti ya kazini, barua ya kuomba skolashipu au mtihani wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima kingereza, na anajua akiandika anapotea njiani.

Mfano nitautoa mmoja mwanzo mwisho ili tusiyumbe: katazo la mifuko ya plastiki. Rwanda walianza 2008, Kenya ikaingia Agosti 28, 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Kila mtu ana la kusema hapo.

Hatua ya 1: msimamo wako kwa sentensi moja

Andika hata kwa Kiswahili, hakuna anayekukagua. Halafu jiulize, kuna mtu mwenye akili zake timamu anaweza kunibishia? Kama hakuna, bado huna hoja. "Plastic is a big problem" nani atabisha? Hiyo ni taarifa tu. Ila "Tanzania was right to ban plastic bags", hapo muuza mifuko atakuja juu, maana yake una kitu cha kutetea.

Mambo matatu ya kuacha hapahapa mwanzoni. "I am going to discuss about plastic bags" haiko sawa, discuss haitaki about, na hata ukiitoa bado hujasema kitu. "According to me" nayo achana nayo, According to ni ya kumtaja mtu mwingine au ripoti, ya kwako ni "In my view" au "I think", tena mara moja inatosha. Na "Me I think" ni "mimi nadhani" yetu imevaa suti, andika "I think" basi.

Hatua ya 2: chimba "kwa nini" mpaka ugonge mwamba

Bado uko kwenye Kiswahili. Katazo lilikuwa sahihi, kwa nini? Mifuko ilikuwa inaziba mitaro. Ikiziba nini kinatokea? Maji ya mvua hayapiti. Yasipopita? Yanaingia ndani kwa watu. Hapo una mnyororo wa pingili tatu.

Sasa wengi wanaruka pingili za katikati, wanaandika "Plastic bags are dangerous because of floods" na wanaona wamemaliza. Ukiwa unaongea, mwenzako anaitikia kwa kichwa na kujazia mwenyewe, anajua mtaro wa kwenu ukoje. Msomaji wa maandishi hajazii, na kama ni mtahini ndiyo kabisa, akiona shimo anaandika hoja haijaelezwa.

Halafu usikusanye sababu nane, chukua mbili uzieleze zishibe. Kwenye IELTS ile esei ya Task 2 wanataka maneno yasiyopungua 250 na wanashauri uitumie dakika 40, ukiingia na sababu nane utakuwa unaorodhesha tu. Tena maksi zake zinagawanywa mafungu manne yaliyo sawa: umejibu swali kiasi gani, maandishi yanaungana vipi, msamiati, na grama. Yaani mafungu mawili ya kwanza, nusu nzima ya maksi, yanategemea hoja yako imekaaje, na watu wanakesha na msamiati mgumu tu.

Hatua ya 3: sentensi kavu kwanza

Kila pingili iandike kama sentensi fupi isiyo na mapambo wala maneno ya kuunganisha:

"People threw the bags away. The bags blocked the drains. Rainwater could not flow. The water entered houses."

Zinaonekana za kitoto, ndiyo zinavyotakiwa ziwe kwa sasa, kwa sababu kosa kwenye sentensi ya maneno manne unaliona na kwenye ya maneno arobaini linajificha. Zikague hivi.

Anayetenda atajwe mara moja tu. Kitenzi chetu kinambeba mtendaji ndani yake, "majirani walitupa", hiyo wa- inatufanya tuandike "My neighbours they threw", toa they. Kinyume chake pia kipo, "ni kweli kwamba" tunaigeuza "Is true that" kumbe kingereza hakikubali kitenzi kianze bila mwenyewe, lazima "It is true that". Na ile "Am writing to ask" ya kwenye imeili, wekeni hiyo I jamani, "I am writing".

Kitenzi kimfuate mwenyewe na siyo jirani. "The number of bags have fallen" imekosewa, kilichopungua ni number, na number ni moja, kwa hiyo "has fallen". Hizo bags zimekaa karibu na kitenzi tu.

Halafu muda. Hii -me- yetu inaingia popote, unasema "serikali imekataza mwaka 2019" na hakuna anayeshtuka. Kwa kingereza ukitaja tarehe iliyopita has inaondoka: "The government banned plastic bags in 2019." Usipotaja tarehe unaweza kusema "The government has banned plastic bags." Na kama unataka kuonyesha mpaka leo bado, "Plastic bags have been banned since 2019." Kwenye hoja hili lina uzito, maana msomaji anataka kujua jambo lilikwisha au linaendelea.

La mwisho hapa, evidence haina s, research kwa kawaida haina s, advice na information vilevile. Mtu anayeandika "many evidences" anajidhoofisha palepale anapotaka kuaminiwa. Andika "a lot of evidence".

Hatua ya 4: kuunganisha (kaa hapa muda mrefu)

Sasa unachukua zile sentensi kavu unaziunga, na kabla hujachagua neno jiulize uhusiano wao ni upi: sababu, matokeo, kinyume au sharti. Kila kundi lina tabia zake.

Sababu. Because inafuatwa na sentensi kamili, because of inafuatwa na jina la kitu tu. "Because the drains were blocked, the streets flooded" iko sawa, "Because of the blocked drains, the streets flooded" nayo iko sawa, ila "Because of the drains were blocked" ni kuchanganya mafaili. Due to ifuate tabia ya because of. Kingine, ukianza na because lazima kuwe na upande wa pili ndani ya sentensi hiyohiyo. Sisi tukiongea tunaweka nukta halafu "Kwa sababu mitaro ilikuwa imeziba" tunamaliza, kwa kingereza rasmi hiyo ni nusu sentensi inaning'inia. Na "The reason is because" watu wengi hata wazungu wanaisema, kwenye maandishi weka "The reason is that".

Ila kuna kosa la because ambalo hakuna programu itakupigia mstari mwekundu. Angalia: "The drains were blocked because water stood in the street for two days." Grama safi kabisa. Lakini umesema nini? Umesema maji kusimama barabarani ndiko kulikoziba mtaro. Ulichotaka kusema ni kwamba maji yalisimama, kwa hiyo WEWE umejua mtaro umeziba. Moja ni chanzo, nyingine ni ushahidi. Ukiwa na ushahidi andika "The drains must have been blocked: water stood in the street for two days." Hiyo must have been inamwambia msomaji kwamba umefikia hapo kwa kufikiri, hukuona kwa macho. Nikichagua kosa moja la kupigana nalo kwenye esei za watu ni hili, maana ndilo linalofanya mwenye akili nzuri aonekane amechanganyikiwa.

Matokeo. So inaweza kuunga sentensi mbili kwa koma: "The drains were blocked, so the streets flooded." Therefore haiwezi. "The drains were blocked, therefore the streets flooded" inakatwa maksi kila siku, weka nukta uanze upya au weka semikoloni: "The drains were blocked; therefore, the streets flooded." However ukiitumia kwa maana ya lakini ina tabia hiyohiyo, na mtu akijua hizi mbili tu esei yake inabadilika sura. Halafu tofautisha so na so that. "Traders bought cloth bags so that they could avoid fines" hiyo ni ILI, lengo lao. "Traders bought cloth bags, so they avoided fines" hiyo ni KWA HIYO, kilichotokea. Ukizibadilisha unamsingizia mtu nia ambayo hakuwa nayo.

Kinyume. "Ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda" kwetu inapita bila shida, kingereza kinataka moja: "Although the ban was unpopular, it worked." Au "The ban was unpopular, but it worked." Siyo zote mbili kwenye sentensi moja. Despite haina of, na baada yake hakai sentensi, anakaa jina: "Despite the ban, some traders kept selling thin bags." Na hii "hata kama" yetu inafanya kazi mbili, kwa kingereza zimegawanywa. Kama jambo ni la kweli weka even though, kama ni la kudhania weka even if. "Even though cloth bags cost more" maana yake unakubali bei iko juu. "Even if cloth bags cost more" maana yake hujakubali, unasema tu tuseme ni hivyo. Mwanasheria atakushika hapo.

Sharti. Baada ya if usiweke will: "If the government relaxes the ban, the bags will return." Kwa mambo ya kudhania sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, "serikali ingelegeza, mifuko ingerudi", ndiyo maana tunaandika "If the government would relax". Kingereza kinaweka would upande mmoja tu, ule usio na if: "If the government relaxed the ban, the bags would return." Na kwa lililopita: "If the government had not banned the bags, the drains would have stayed blocked."

Kuna which pia. "Mifuko waliyoitupa" ina ile -i- ya mifuko ndani, tunaihamisha nayo: "the bags which people threw them away". Toa them. Lakini which ikitanguliwa na koma ni silaha nzuri ya hoja kwa sababu inaweza kubeba wazo zima lililopita: "The drains were blocked, which meant that rainwater had nowhere to go."

Na vitenzi vya kusababisha, haraka haraka: "makes people move" bila to, "forces people to move" na to, "prevents water from flowing". Hakuna kanuni ya kufikiria hapo, kariri tu.

Hatua ya 5: pima uhakika wako

Anayebishana kwa mdomo anaruhusiwa kusema "watu wote", "haijawahi kutokea". Kwenye karatasi sentensi ya "All people hate this ban" inakufa akipatikana mmoja tu anayelipenda. Shuka kidogo: "Most traders disliked the ban", "The ban may have reduced flooding", "Thin bags tend to tear". May, tend to, is likely to, hizi hazikuonyeshi muoga, zinaonyesha unajua ulipo mpaka wa ushahidi wako. Ila usizirundike, "I think maybe it might possibly" hapo sasa unaomba msamaha.

Vidogo vinavyoshika hapa: "can be able to" chagua moja, can au be able to. "Most of people" ni "Most people", na ukitaka of basi na the iwepo, "Most of the people on my street". Na maybe ya neno moja siyo kitenzi, kitenzi ni may be yakiwa maneno mawili: "The cost may be higher."

Hatua ya 6: mpe mpinzani nafasi

Mlete na hoja yake kali kuliko zote, siyo ile dhaifu unayoimudu. Na kitenzi unachomletea kinasema wewe unamchukuliaje. "Critics point out that cloth bags cost more" hapo umeshakubali ni kweli. "Critics claim that cloth bags cost more" hapo unatia shaka. "Critics argue that" hujaegemea popote. Watu wanatumia claim kila mahali kwa kudhani ni "kusema" tu, halafu aya inayofuata wanakubaliana na mpinzani na msomaji anabaki anashangaa.

Ukiweka swali ndani ya sentensi mpangilio unageuka: siyo "The question is why did the government wait", ni "The question is why the government waited". Na yale maswali ya kuchokoza tunayoyapenda, nani asiyejua, je huu ni uungwana, punguza. Ukiuliza moja, lijibu mwenyewe sentensi inayofuata.

Hatua ya 7: panga aya

Sisi tunaanza na salamu, methali, historia kidogo, halafu hoja inakuja mwisho ikiwa imepikwa vizuri, na kwenye hotuba inapendeza kwelikweli. Esei na ripoti za kingereza zinataka msimamo sentensi ya kwanza, halafu sababu, maelezo, mpinzani, jibu. Zile pingili zetu zikikaa pamoja zinakuwa hivi:

"Tanzania was right to ban plastic bags in 2019. Before the ban, people threw the bags away after a single use, and many of them ended up in open drains. Because blocked drains could not carry rainwater, the water entered houses. Plastic bags were not the only rubbish in those drains, but they were the easiest kind to remove by law. Critics point out that cloth bags cost more. This is true. However, a cloth bag can be used many times, whereas a thin plastic bag was usually thrown away the same day. The extra cost is therefore smaller than it first appears."

Hakuna neno moja la kufungulia kamusi hapo. Angalia "This is true", maneno matatu, na ndiyo sentensi inayompa mwandishi heshima kuliko zote. Angalia na ile ya "not the only rubbish", imewekwa kwa sababu yeyote aliyewahi kuona mtaro wa mjini anajua kuna mchanga, chupa na kila aina ya taka, usipolisema wewe atalisema yeye. Bado kuna udhaifu: hiyo many of them kwenye ripoti ya kazini bosi atakuuliza ngapi, hapo unatafuta takwimu au unaeleza ulichokiona mwenyewe na ni wapi.

Hatua ya 8: kukagua, kosa moja kwa kila mzunguko

Usisome mara moja ukitafuta makosa yote, macho yanachoka na kuanza kukubali. Mzunguko wa kwanza zungushia kila because, so, although, however, therefore, if. Angalia kinachofuata ni sentensi au jina, angalia koma na nukta, halafu jiulize kweli hiki ni chanzo au ni ushahidi? Mzunguko wa pili vitenzi tu, kila kimoja mtafute mwenyewe na muda wake. Wa tatu he na she, maana yetu ni "yeye" kwa wote na ukichoka mama anageuka he katikati ya aya; kama jinsia haijulikani they inakubalika.

Halafu soma kwa sauti. Pumzi ikikata kabla ya nukta, ikate sentensi mbili. Ukiona sentensi imepita maneno 25 hivi, iangalie kwa jicho baya.

Hizi programu za kurekebisha kingereza na akili bandia zitumie, sioni dhambi, ila mpe aya na umwambie akuonyeshe makosa bila kukuandikia upya. Akiandika upya atakupa kingereza laini na kimyakimya "may have reduced" yako inaweza kugeuka "reduced", sasa umeahidi kitu ambacho huna ushahidi nacho na jina lililo chini ni lako. Linganisha sentensi kwa sentensi.

A na the ziachie mzunguko wa mwisho kabisa kwa sababu hizo ndizo zinazotusumbua zaidi na ndizo zinazoharibu maana kidogo zaidi. Kanuni ya kukutoa kwenye shida nyingi: kitu kimoja kinachohesabika kikitajwa mara ya kwanza kinachukua a, kikirudi kinachukua the. Vingi kwa ujumla havichukui kitu, "plastic bags", na vile vilevile ulivyokwisha kuvitaja ni "the bags". Rudi kwenye aya ya hapo juu uone sentensi ya kwanza na ya pili zilivyofanya, halafu chukua ubishi wowote ulioandika wiki hii kwa Kiswahili kwenye grupu, uvunje pingili pingili, na uupitishe kwenye hatua zote nane.